Nani Atamwagilia? Utangulizi wa Somo la Mazingira Endelevu

Kama ulilelewa Jericho, Kaloleni, Maringo, Dandora au Kayole, somo hili linakuhusu mara mbili. Watu wengi hudhani kwamba somo la mazingira lililetwa nchini na wageni wa mikutano, wenye vitambulisho shingoni, na kwamba makao yake ni Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa. Ukweli ni kwamba mzizi wake mmoja mkubwa ulishika hapa kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, katika uwanja wa Kamukunji, karibu na soko la Gikomba.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara uliondoka katika jumba la mikutano la KICC katikati ya jiji ukateremka hadi Kamukunji. Walioandaa shughuli hiyo ni Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Walipofika uwanjani walipanda miche saba kwa kumbukumbu ya mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya, wakiwemo Waiyaki wa Hinga, Mekatilili wa Menza, Nabongo Mumia na Gor Mahia. Mwenye wazo hilo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtaalamu wa anatomia ya mifugo, mama wa miaka 37 aitwaye Wangari Maathai. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kati ya miche ile saba ni miwili tu iliyodumu.

Wasimulizi wengi huanza na miche saba, kisha huruka moja kwa moja hadi Tuzo ya Nobel ya Amani aliyotunukiwa Wangari mwaka 2004. Mimi nikiingia darasani huanza na ile mitano iliyokufa. Siku ile kulikuwa na hotuba, nyimbo na mapipa ya nia njema. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, watu wakarudi kazini. Uwanja ulikuwa wa umma, yaani wa kila mtu, na mche wa kila mtu ni rahisi kuwa mche yatima. Nani alibeba debe la maji Jumatatu ile? Swali hilo ndilo somo lenyewe. Yote mengine utakayoyasoma, kuanzia kemia ya udongo hadi sheria za ardhi, ni njia za kulijibu.

Jina la somo

Tulitazame kwanza neno tunalolitumia. Wataalamu wa Kiswahili walitupa “endelevu”, na mimi naliona neno hilo kuwa mwalimu. Kutokana na “sikia” tunapata “sikivu”, kutokana na “vumilia” tunapata “vumilivu”, na kutokana na “endelea” tunapata “endelevu”. Mtoto msikivu hatukumwita hivyo kwa sababu alisikia mara moja jana. Tumemwita hivyo kwa kuwa kusikia ni tabia yake. Vivyo hivyo, mazingira endelevu ni yale ambayo kutunzwa kwake kumekuwa tabia ya watu wanaoishi ndani yake, jua na mvua, kamera zikiwepo na zisipokuwepo.

Mwaka 1987, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilitoa maelezo ambayo hadi leo hufundishwa vyuoni: watu wa leo wakidhi mahitaji yao bila kuwapokonya watakaozaliwa uwezo wa kukidhi yao. Maelezo hayo ni mazuri, nami nakuomba uyakariri. Ila yanapima wakati kwa vizazi, na mche ulioko Kamukunji hauna subira hiyo. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi ambao mvua ikinyesha huvimba na kunata hadi kiatu kikabaki nyuma, na kiangazi kikiingia hupasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono. Mche mchanga katika udongo huo hauulizi habari za kizazi kijacho. Unauliza habari za wiki ijayo.

Msomi aliyetoka maabara

Kwa nini mtaalamu wa mifupa na viungo vya ng'ombe akajikuta anapanda miti? Safari yake ya kisomi inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, maana inaonyesha jinsi somo letu linavyozaliwa.

Wangari alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Alisomea biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica jimboni Kansas, Marekani, akahitimu mwaka 1964, kisha akapata shahada ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966. Alirudi nyumbani akiwa ameahidiwa kazi katika idara ya zoolojia chuoni Nairobi, lakini alipofika aliambiwa kwamba nafasi ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo. Wangari akafanya utafiti Giessen na Munich, Ujerumani, akarejea, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Mwaka 1976 akawa mwenyekiti wa idara yake, na mwaka 1977, ule ule wa Kamukunji, profesa mshiriki. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushika vyeo hivyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati huo huo, yeye na mwanabiokemia Vertistine Mbaya walikuwa wakipigania marupurupu sawa na ya wahadhiri wanaume.

Utafiti wake ulimpeleka kwa kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaowaangusha hasa ng'ombe wa kigeni. Kupe hakusanywi ofisini. Ilimbidi aende mashambani, apekue masikio ya ng'ombe mmoja mmoja. Huko macho yake yakaanza kutoka nje ya swali lake. Aliona ng'ombe waliokonda, malisho yaliyopungua, na mito iliyobeba udongo mwekundu kutoka milimani. Akatambua kwamba hata kupe wote wakifa leo, ng'ombe hana cha kula kesho. Baadaye, katika mikutano ya baraza la wanawake, aliwasikia akina mama wa mashambani wakilalamikia kuni, maji safi, malisho na lishe ya watoto. Mtu mwingine angeyaandika malalamiko hayo kuwa manne. Yeye aliona ni moja, na kwamba mti unagusa pande zake zote.

Msomi wa mazingira huanza hivyo: na kitu kidogo anachokijua vizuri, kisha hukubali kukifuata kinakompeleka, hata kama ni nje ya idara yake. Ukija kwetu ukiwa na ujuzi wa uhasibu, uuguzi, uchoraji ramani au ufundi wa mabomba, usidhani umepotea njia. Kuna kupe wako anakusubiri.

Lakini kuona hakutoshi. Kabla ya Kamukunji, mnamo 1974, Wangari alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare ili kuwapatia maskini wa jijini kazi ya kupanda na kutunza miti, akapata mahali pa kitalu katika msitu wa Karura. Pesa ziliisha, maji yakawa ya mgao, na miche mingi ikafa. Kwa hiyo miche mitano ya Kamukunji haikuwa hasara yake ya kwanza. Jambo la kujivunia ni kwamba alizisoma hasara hizo kama mtafiti anavyosoma jaribio lililoshindwa.

Lililofuata ndilo ninalolihesabu kuwa ugunduzi wake mkubwa. Chama cha Green Belt Movement, kilichotokana na upandaji ule wa Kamukunji, kilipokua, wanawake wa vikundi waliootesha miche walilipwa kitu kidogo, senti 4 hivi za dola ya Marekani, kwa kila mche uliohakikishwa kuwa hai baada ya kupandwa. Hawakulipwa kwa kupanda. Walilipwa kwa uhai. Fikiri jambo hilo lilivyogeuza hesabu: kipimo kilihama kutoka siku ya sherehe hadi miezi ya kubeba maji, na mtaalamu akawa yule mama mwenye debe. Chama hicho kinahesabu zaidi ya miti milioni 51 iliyopandwa nchini tangu wakati huo. Yote ilitanguliwa na mitano iliyokauka katika ardhi ya Eastlands.

Chuo, mahakama na uwanja

Usije ukadhani kwamba chuo kikuu kilimshangilia Wangari njia nzima. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na aliporudi akakuta kazi yake imekwenda. Miaka 16 ya ualimu ikakatika hivyo. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru. Alikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikamwambia kwamba hana haki ya kushtaki, kwa kuwa bustani ile ilikuwa ya umma na yeye hakuonyesha hasara yake binafsi.

Tazama vile miche ya Kamukunji inavyorudi hapa ikiwa imevaa joho la sheria. Kitu cha wote hakina wa kukitetea. Jengo lilikwama hata hivyo, kwa kelele za wananchi na wafadhili kurudi nyuma. Pengo la sheria lilizibwa baadaye: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Mkazi wa mtaa wa mabanda wa Korogocho leo ana silaha ambayo profesa hakuwa nayo mwaka 1989.

Mwaka huo huo wa 2010, Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na Green Belt Movement, kilianzisha taasisi ya masomo ya amani na mazingira yenye jina la Wangari. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, yeye na chuo chake wakiwa wamepatana.

Kuna neno moja linalounganisha historia hii yote. Wanafunzi wa vyuo vyetu wakitaka mkutano wa dharura huuita “kamukunji”. Wengi wao hawajawahi kukanyaga uwanja wenyewe. Nakualika uukanyage.

Tuteremke na mto

Matawi ya somo letu ni mengi, na badala ya kukuorodheshea nakuomba tutembee. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita katikati ya jiji, ukaingia Kamukunji na Gikomba, ukateremka hadi Dandora. Kutoka hapo huungana na Athi, na mwishowe maji hayo hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo anayetupa kiatu mtoni Gikomba anamwandikia barua mvuvi wa Malindi.

Kituo cha kwanza ni pale pale Kamukunji, kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali. Utavisikia kabla hujaviona: nyundo juu ya bati, mchana kutwa. Mapipa yaliyotumika na vyuma chakavu vinageuka masanduku, sufuria na majiko. Shika jiko moja ulitazame. Lina kiuno chembamba katikati, na ndani limetiwa udongo uliochomwa, unaozuia joto lisitoroke kupitia bati. Asili ya wazo ni jiko la ndoo la Thailand. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa huku walilirekebisha, na kwa vipimo vya watafiti hupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Wahandisi walileta kanuni ya joto. Mafundi walijua bati lipi linakunjika, bei gani mama atalipa, na umbo gani halitapinduka ugali ukisongwa. Hilo ni tawi la nishati, na ndilo mfano wangu bora wa elimu iliyozaliwa na wazazi wawili.

Kituo cha pili ni makazi. Ingia Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa wazo la Kiingereza la mji wa bustani: nyumba za chini zimezunguka viwanja wazi, na ukumbi wa mtaa uko katikati. Wazo lilikuwa zuri, ila lilikuja na ubaguzi. Wakoloni walijitengea magharibi yenye vilima na udongo mwekundu, Waafrika wakapewa mashariki, tambarare ya udongo mweusi, kule maji machafu yanakoelekea. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mtaa mmoja una miti na mwingine una vumbi, jibu halimo katika botania peke yake. Limo pia katika ramani.

Kituo cha tatu ni chakula. Katika mitaa isiyo na shamba utaona gunia limesimama mlangoni likiota sukuma wiki ubavuni. Jinsi linavyotengenezwa ni somo tosha la haidrolojia. Chukua mkebe usio na kitako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze mawe madogo, kisha jaza udongo na samadi pembeni. Udongo ukipanda, vuta mkebe juu, ujaze mawe tena, mpaka gunia lijae. Ukimaliza una nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Maji yaliyooshewa mchele ukiyamwaga hapo katikati huteremka polepole na kuufikia kila mzizi, badala ya kutiririka nje. Toboa ubavuni, panda. Hapa swali la nani atamwagilia limeshajibiwa: ni yule atakayekula.

Kituo cha nne ni Dandora. Jaa la taka la jiji liliwekwa hapo miaka ya 1970, katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayajaacha kuja. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliowapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na hapo: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubalika kimataifa. Watoto hao hawakuchagua risasi. Ilitoka katika vitu ambavyo jiji zima lilitupa. Wakati huo huo jaa hilo linalisha familia nyingi za wachambuaji, wanaojua plastiki ipi inanunuliwa na ipi ni mzigo wa bure, na wanaoitambua kwa mlio wake ikikunjwa. Tawi la taka halitakuruhusu uwe na jibu jepesi. Ukilifunga jaa bila mpango, umemnyima mchambuaji chakula. Ukiliacha, unamtia mtoto sumu.

Namna ya kufanya kazi

Kifaa cha kwanza cha somo hili kinapatikana kila nyumba: chupa tupu ya plastiki yenye pande zinazoonyesha ndani. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwaagiza wachote maji ya mto baada ya mvua, wakiwa na glavu mkononi, waandike siku, saa na mahali, kisha waiache chupa dirishani usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi udongo umetulia kitako. Wapime kwa rula. Warudie wiki baada ya wiki, mahali pale pale. Wiki ya tatu huchoka. Wiki ya sita mmoja wao hunijia na daftari akiuliza kwa nini kina cha tope kimeongezeka ilhali mvua ilikuwa ndogo. Hapo najua nimepata mwanafunzi. Udongo ule aliouona Wangari mitoni akiwa anatafuta kupe sasa uko dirishani kwa kijana wa mtaa wa Umoja, una tarehe na kipimo.

Kutoka chupa utapanda hadi maabara, picha za setilaiti, na hesabu za mafuriko. Jifunze zote. Lakini usiache kuuliza maswali mawili ambayo mashine haiulizi: nani analipa gharama, na nani atabaki akitunza? Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilipofurisha mito ya Nairobi, watu wa kando ya mto huko Mathare na kwingineko walipoteza jamaa na mali, na baada ya maji kupungua matingatinga yakaja kubomoa nyumba zilizobaki. Mto unahitaji kingo zake, hilo ni kweli kisayansi. Aliyejenga pale alijenga kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, hilo nalo ni kweli. Msomi anayejua ukweli mmoja tu kati ya huo ni nusu msomi.

Nakuonya pia juu ya tamaa ya takwimu za sherehe. Utaombwa kuhesabu miche iliyopandwa, mapipa yaliyogawiwa, vijana waliohudhuria warsha. Hesabu, maana mfadhili anataka. Kisha rudi baada ya mwaka uhesabu upya, hata kama hakuna aliyekuomba. Tarakimu ya pili ndiyo yako kama mwanasayansi. Mara nyingi itakuwa ndogo na itakuaibisha. Iandike.

Sasa mlango uko wazi. Huhitaji kungoja barua ya chuo. Jumamosi moja shuka Kamukunji, usimame mahali miche saba ilipopandwa, kisha ufuate mto hadi utakapochoka. Beba chupa mbili: moja tupu ya kuchotea, na moja iliyojaa maji safi. Ukikuta mche uliokauka midomo, uumwagilie hiyo ya pili, na uandike tarehe utakayorudi.